Dakika Thelathini na Nane

Jumapili, 6 Oktoba

Ting. Noti moja. Juu kidogo — ting. Chini kidogo — ting. Kisha tena. Nimerudi nyumbani saa mbili zilizopita na bado iko sikioni.

Niandike kwa mpangilio, labda itatoka.

Maktaba ilifunga saa kumi kasoro kidogo. Nje nilikutana na mama mdogo Hsiu-luan, amebeba stuli mbili nyekundu za plastiki na mfuko wa mapera yaliyokatwa. Akasema nimekaa na vitabu mpaka nimefanana na karatasi. Twende bustanini, kuna muziki, ni bure, na hawatumii spika, kwa hiyo hautanipasua kichwa. Sikutaka. Lakini alikuwa ameshanipa stuli moja niibebe, na nikiwa na kitu mkononi huwa sijui kukataa.

Watu kama sitini. Wengine juu ya stuli, wengine juu ya magazeti, wengine kwenye ukingo wa bwawa la samaki wakiwa wamevua viatu. Wapiga muziki ni wawili. Kun-hsi, fundi wa viyoyozi, anapuliza filimbi ya mwanzi. Na Mzee Fang, miaka themanini na moja, ana gambusi lenye tumbo la duara kama mwezi mpevu. Nyuzi mbili. Mbili tu! Na hizo mbili zilimchukua karibu robo saa kuziweka sawa. Hasikii vizuri. Kifaa cha masikio anacho, mama mdogo alininong'oneza, ila siku ya muziki hakivai, anasema kinalifanya gambusi lilie kama sufuria.

Ting. Ting. Hapo ndipo nilipoitambua.

Tarehe 22 Septemba, Jumapili. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nihamie hapa. Mafua — sikwenda maktaba. Mama mdogo alikuwa Chiayi kwenye harusi. Nilikuwa kwenye sura ya rufaa katika sheria ya utawala, dirisha wazi, na sauti hii ikaanza huko chini nyuma ya miti. Nilidhani mtu anagonga bomba. Baadaye nikadhani ni mashine. Nilianza kuangalia saa. Ilipofika dakika ya thelathini na nane ikakatika; nikasubiri ianze tena, na sikutaka kuisikia ikianza tena, nikaziba masikio kwa vizibo. Kisha nikafungua tovuti ya jiji la Taipei na kuandika malalamiko. Bila jina. Sikuwa na hasira ya kupiga kelele. Nilikuwa na ile nyingine, iliyotulia, inayokumbuka vifungu. Nilitaja kifungu.

Maana yake nilijiziba masikio dakika ileile muziki ulipoanza.

Muziki wenyewe sitajaribu kuueleza. Mzee Fang anaimba kwa sauti iliyochakaa, haikimbilii popote. Filimbi inamfuata nyuma, haimpiti. Bila spika inabidi usikilize kwa mwili mzima — pikipiki ikipita barabarani unapoteza mstari, na unausubiri unaofuata. Niliona nimeinama mbele. Mama mdogo aliniwekea kipande cha pera mkononi na sikukila mpaka wimbo ulipoisha.

Katika wimbo wa nne Kun-hsi alianza peke yake, noti sita hivi, na nusu ya watu wakasimama. Gari la taka! Hapa gari hupiga muziki likija na kila mtu hutoka mbio na mfuko wake; muziki wa gari letu unaanza na noti hizohizo, na miguu ya watu wa mtaa huu haisubiri akili. Mama mdogo alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea nyumbani kuchukua mfuko. Mwingine alikuwa anakunja mkeka. Ndipo mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba leo ni Jumapili, gari limepumzika, jamani kaeni. Kicheko.

Mzee Fang hakusikia filimbi na hakusikia kicheko. Alichoona ni watu thelathini wamesimama kwa mara moja katikati ya tamasha lake. Akalilaza gambusi kwenye stuli. Akasimama naye. Akainama, taratibu, mpaka kiunoni.

Basi nani angethubutu kukaa? Hata waliokuwa wamekaa walisimama. Tukapiga makofi muda mrefu.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu si jambo linalonipata mara kwa mara, na nataka liwe na tarehe.

Malalamiko yale nadhani yamepotea. Wiki mbili kamili. Mengi hupotea.


Jumatatu, 7 Oktoba

Kurasa arobaini na moja. Mtihani wa utumishi wa serikali ni baada ya wiki tisa. Hii ni mara ya pili, na ya tatu sitaki iwepo.

Mama mdogo kasema nilikuwa napiga mbinja nikiosha vyombo. Nilikana.


Jumanne, 8 Oktoba

Hayakupotea.

Saa kumi na mbili jioni, foleni ya taka, pale kwenye kona ya duka la dawa. Kila mtu na mfuko wake wa bluu na ndoo yake ya makombo. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Tseng, akaja na kizibao chake cha kazi na karatasi mkononi. Akasema jiji limepokea malalamiko kuhusu muziki wa Jumapili. Hawajaupiga marufuku. Ila wanataka wakazi wakae waelewane, na mpaka hapo muziki usimame. Kikao Jumapili ya tarehe ishirini, asubuhi. Wanaoutaka muziki waje ofisini kwake kutia sahihi kuanzia wiki ijayo.

Watu wakataka kusikia kilichoandikwa. Akavaa miwani akasoma.

Ni jambo la ajabu kusikia sentensi zako kwenye mdomo wa mtu mwenye kizibao. Zilikuwa nzuri. Nilisikia kwamba ni nzuri. "Sauti ya chuma, noti moja, ikirudiwa bila mpangilio, bila dalili ya kufika mahali." Muuza samaki wa soko la asubuhi akasema huyu kaenda shule. Mwingine akasema huyu kaenda shule na akasahau kurudi.

Mama Tseng akaendelea: "Kwa muda wa dakika themanini na nane —"

"Thelathini na nane," akasema Mwalimu Ke.

Alikuwa amesimama nyuma yake hasa, na alikuwa anasoma juu ya bega lake, niliona kwa macho yangu. Mwalimu Ke alifundisha hesabu miaka thelathini na tano. Anaishi jengo la mkabala, ghorofa ya pili, peke yake. Husahihisha kila kitu: bei zilizoandikwa vibaya sokoni, tarehe kwenye matangazo ya rambirambi. Mwaka huu alipeleka ofisini jedwali la ucheleweshaji wa gari la taka kwa miezi mitatu, dakika na sekunde. Kumsahihisha mwenyekiti kwake ni kama kupiga chafya.

Lakini foleni yote ilimgeukia. Niliiona hukumu — kumbe ni yeye — ikipita kwenye nyuso, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanapopokezana ndoo.

Kisha gari likafika, na kila mtu akatupa.


Jumatano, 9 Oktoba

Hakuna taka leo. Hakuna foleni. Nimesoma vizuri isivyofaa.


Ijumaa, 11 Oktoba

Barua pepe kutoka jijini. Suala langu limeshughulikiwa na limefungwa. Naombwa kutathmini huduma: nyuso tano zimepangwa, kutoka iliyonuna mpaka inayocheka. Umeridhika kwa kiasi gani? Niliziangalia nyuso zile kwa muda. Sikubonyeza hata mmoja.

Foleni. Kawaida ya hapa ni kwamba gari likisimama, walio mbele hupokea mifuko ya walio nyuma na kuirusha, kwa sababu halikai. Leo mikono ilipokea mfuko wa kila mtu na ilipofika kwa Mwalimu Ke ikawa na shughuli nyingine. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa tu na shughuli. Alizunguka watu wote, mfuko mkono huu, ndoo mkono huu, akafika wakati gari limeanza kuondoka, na alitembea nalo hatua kadhaa kabla ya kurusha. Ana miaka sabini na tatu.

Aliporudi mama mdogo wangu akamwita, kwa heshima zote. Akamuuliza: "Mwalimu, leo limechelewa dakika ngapi?"

Wakacheka. Mwalimu Ke akaangalia saa yake.

"Moja na nusu," akasema. Akaenda zake.

Sijui kama hakuelewa au alielewa kila kitu. Nimeliwaza swali hilo jioni nzima na sijafika popote.

Nyumbani mama mdogo hakuwa anacheka tena. Alikuwa anakanda miguu yake. Anaamka saa kumi alfajiri kufungasha vyakula vya watu wa maofisini, siku sita. "Siku sita nafungasha wali wa wengine," alisema, "ya saba naweka stuli yangu chini, nakaa. Saa moja na nusu tu, Ju. Sasa mtu mwenye pensheni, mwenye kukaa kutwa, ananinyang'anya hata stuli."

Halafu akakumbuka. Ile tarehe 22, si wewe ulikuwa nyumbani na mafua? Ulisikia fujo gani?

Nilimwambia nilikuwa nimeziba masikio.

Ni kweli. Ni kweli ya aina gani — swali zuri la mtihani, alama kumi.


Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejiuliza kwa nini sisemi, na nimejaribu kujibu kama mtu anayesahihishiwa.

Moja: aibu. Sawa. Aibu haiui.

Mbili: nakaa kwa mama mdogo. Yeye ndiye aliyemkejeli mzee wa watu mbele ya mtaa. Nikisema, aibu yangu ni moja na yake ni mbili: ya kumwonea asiye na hatia, na ya kumfuga mwenye hatia, kumpikia uji wa viazi vitamu kila asubuhi.

Tatu: niliamini nilichoandika. Siku ile kilikuwa kweli kabisa.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua.


Jumapili, 13 Oktoba

Nilikuwa juu ya paa naanua nguo, saa kumi kasoro robo. Kutoka pale bustani inaonekana yote.

Mzee Fang alikuja.

Hakuna aliyemwambia. Baadaye nimesikia jinsi ilivyokuwa: Kun-hsi alidhani mwenyekiti amekwenda kumwambia, mwenyekiti alidhani Kun-hsi amekwenda. Kumwambia jambo Mzee Fang ni kazi, inabidi upige kelele mpaka majirani wote wajue, na pengine kila mmoja alifurahi kudhani. Alitoka upande wa hekalu, na gambusi kwenye mfuko wa nguo mgongoni na stuli yake. Akakaa palepale. Akaangalia mbele yake, mahali patupu. Akatoa gambusi.

Kisha akaja Mwalimu Ke.

Peke yake, na stuli. Hakukaa mahali pa wasikilizaji. Alikaa mbele ya Mzee Fang, karibu, magoti yao yakikaribia kugusana. Mzee Fang akapiga uzi. Ting. Mwalimu Ke akainua kiganja. Mzee Fang akakaza. Ting. Kiganja kikashuka kidogo. Akalegeza. Ting. Kiganja kikashuka tena, kidogo sana, kama mtu anayetuliza mtoto wa paka. Ting. Mwalimu Ke akafumba ngumi.

Uzi wa kwanza ukawa tayari.

Niliganda na shuka mkononi. Wiki iliyopita lazima alikuwa hapo pia, mbele kabisa, na mgongo wake nilikuwa naukodolea macho bila kuuona. Mzee Fang hasikii uzi wake. Anausoma kwenye mkono wa Mwalimu Ke.

Dakika kumi na mbili, nyuzi zote mbili. Nilihesabu. Inaonekana mimi ni mtu wa kuhesabu.

Na mama mdogo alikuwa amepanda, amesimama pembeni yangu na kikapu, naye anatazama. "Muone," akasema. "Amekuja kuhakikisha amri yake inatekelezwa. Unaona mkono? Anamwambia shusha, shusha sauti."

Nikamwambia hapana, anamsaidia kuweka nyuzi sawa.

"Wasomi mnateteana."

Chini wanawake wawili wenye mbwa walisimama, wakaangalia mkono ule ukishuka, wakaangaliana, wakaondoka. Basi kesho itajulikana mtaa mzima kwamba alimfuata hadi bustanini kumkanya.

Mzee Fang alipiga nyimbo tatu, kwa msikilizaji mmoja. Kutoka paa la ghorofa ya tano kuimba hakufiki, ni ting tu. Unaona mkono unakwenda.


Jumatatu, 14 Oktoba

Leo kwenye foleni nilikwenda kusimama karibu na Mwalimu Ke. Si mbali, kwenye foleni hii ni hatua nne. Lakini hatua nne zilionekana. Mama mdogo alinikazia macho.

Nilimwamkia. Nilimuuliza kuhusu mkono, na kama kila Jumapili ni yeye. Akasema miaka sita sasa. Zamani Mzee Fang aliona aibu, wakakubaliana kwamba asiambiwe mtu, na kwamba kama kuna anayeuliza, Mwalimu anaonekana tu anapenda kukaa mbele.

Na tarehe 22 Septemba?

"Nilikuwa Hsinchu kwa mwanangu. Nilifanyiwa jicho." Akanionyesha jicho, la kushoto, kama mtu anavyoonyesha tiketi. "Siku tano. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu hivyo. Alikuwa anatafuta peke yake."

Nikamuuliza, na nilisikia sauti yangu imekuwa nyembamba, kwa nini basi hawaambii watu. Hakuwapo mjini. Ni jambo la sentensi moja.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Tukasogea. Watu walikuwa wametupa migongo.

Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba ile barua imeandikwa vizuri. Kosa moja tu la alama za uandishi. Na hizo dakika thelathini na nane amezifikiria. Anayekerwa hufunga dirisha dakika ya tano. "Huyu alihesabu. Huwezi kuhesabu kitu bila kukisikiliza mpaka mwisho. Ningependa kumjua."

Hapo ndipo ningesema. Gari lilikuwa bado halijafika, pembeni yangu palikuwa kimya, kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili yangu kama kwenye maandalizi ya harusi. Nilisema: "Ndiyo." Hilo tu. Ndiyo.

Alinieleza pia kuhusu jana. Mzee Fang alimuuliza watu wako wapi, akamjibu kuna onyo la kimbunga. Angani hapakuwa na kitu. Mzee Fang aliangalia juu, akasema enzi hizi vimbunga vinakuja vimejificha. Tarehe ishirini atakuja tena. Mwalimu Ke hatakwenda. Ameshaamua, akasema: akikaa pale, watu hawatakaa, na afadhali mzee apate watu kuliko apate nyuzi.

Nilichukua mfuko wake nikaurusha pamoja na wangu. Mkono wa mtu mmoja ulikuwa umenyooka kupokea wangu na ukabaki hewani.

Mama mdogo alinitangulia njiani. Alipofika mlangoni akasema nina moyo mwema kama wa marehemu mama yake. Hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.


Jumanne, 15 Oktoba

Nilidhani kuna njia ya katikati. Nilifungua tovuti ya jiji ili nifute malalamiko. Jibu lilikuja baada ya saa moja, la adabu sana: malalamiko yaliyowasilishwa bila jina hayawezi kuondolewa, kwa kuwa hakuna mtu anayetambulika kuwa ni yake.

Nilicheka. Kisheria wako sahihi. Nimeisoma sura hiyo.

Jioni mezani nilianza: mama mdogo, ile barua — akanikata, akasema amesikia Mwalimu Ke alimkamata Mzee Fang mkono Jumapili. Kumkamata mkono! Nilikuwa pale. Yeye alikuwa pale. Tulisimama paa moja, na tayari ameshasahau alichokiona, anakumbuka alichosikia. Nikamwambia hakumkamata. Akasema, haya, karibu kumkamata.

Karatasi ya sahihi imewekwa ofisini kwa mwenyekiti tangu asubuhi. Mama mdogo anasema ataenda kesho, Jumatano kazini kwake wanafunga mapema. Anautafuta muhuri wake wa jina, maana hapa ndio sahihi, hajui aliuweka wapi tangu alipofungua akaunti ya posta.

Kurasa tatu leo.


Jumatano, 16 Oktoba

Sikulala sana lakini si kwa huzuni. Nilikuwa natunga. Nilitunga barua ndefu, yenye hoja, yenye mazingira na sababu, na mnamo alfajiri niliposikia mama mdogo anatoka kwenda kazini niliona kwamba ni nzuri, na kwa hiyo haifai. Nimeshaandika kitu kizuri kimoja kuhusu jambo hili.

Saa tatu nilikwenda ofisini. Mama Tseng alikuwa anazungumza na simu, mgongo kwangu, mambo ya taa za barabarani. Akanipungia: karatasi iko mezani. Ina safu nne. Jina, namba ya nyumba, muhuri, maoni. Watu ishirini na saba walikuwa wameshagonga, duara nyekundu, mraba mwekundu, mmoja kageuza wake juu chini. Kwenye maoni wengi hawakuandika kitu. Kun-hsi kaandika kwamba atapuliza polepole. Muuza samaki kaandika kwamba kama kuna mtu hapendi muziki ahamie mlimani.

Jina la Mwalimu Ke halikuwapo.

Nilijaza mstari wa ishirini na nane. Yu Yen-ju, ghorofa ya nne, kwa Hsiu-luan. Kwenye maoni: Malalamiko ya tarehe 22 Septemba niliyaandika mimi. Mwalimu Ke hakuwapo mjini, na hakuna anayemsaidia Mzee Fang kama yeye. Naomba muziki uendelee.

Safu ni nyembamba, maneno yalipanda ukingoni. Nikakandamiza muhuri kwenye wino, nikaugonga, nikahesabu mpaka tatu, nikauinua. Herufi zote zilitoka. Mama Tseng alisema asante bila kugeuka, na mimi nikasema asante, nikatoka nje. Kulikuwa na jua. Nilinunua maziwa ya soya na kuyanywa nimesimama.

Huko ofisini haijasomwa bado, nadhani. Ingesomwa ningeshasikia.

Sasa ni saa nane na nusu. Mama mdogo amerudi, ameoga, ameupata muhuri wake ndani ya kopo la vifungo. Alichungulia mlangoni mwangu akauliza kama nimeshakwenda kutia sahihi.

Nikasema nimekwenda.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Basi na mimi nishuke."

Nilisimama. Nilisema mama mdogo, ngoja kwanza. Akasema ataniletea maandazi ya mvuke akirudi, nisiache kusoma. Nasikia viatu vyake kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, ya pili. Ningeweza kumwita dirishani. Nimekaa hapa naandika.

Mstari wake ni wa ishirini na tisa. Uko chini ya wangu.